Msichana na Kioo Chake

Katika mijadala yetu juu ya utamaduni wa taifa, hakuna mtu asemwaye sana na kusikilizwa kidogo kama msichana. Urefu wa sketi yake hujadiliwa barazani. Nywele zake hujadiliwa katika vikao vya walimu. Rafiki zake huhesabiwa na majirani. Kicheko chake hupimwa na shangazi. Kila mtu ana neno la kumwambia. Ni wachache waliopata kumwuliza yeye mwenyewe ana neno gani. Twasema mapema, pasipo kuzungusha maneno, kwamba huu ni upungufu katika utamaduni wetu, na kwamba watu wa kwanza wawezao kuuondoa ni walimu.

Msichana wa miaka 17 asimamapo mbele ya kioo hufanya kazi kubwa kuliko tudhanivyo. Hujiuliza: Ngozi hii niliyozaliwa nayo ina kasoro gani hata nitangaziwe dawa yake? Kijana aniandikiaye barua anipenda mimi, au apenda sifa ya kuonekana nami? Mbona wenzangu hufurahia makundi, nami hufurahia upweke? Mbona huchekwa kwa sababu natumia mkono wa kushoto, au kwa sababu husema peke yangu niendapo kisimani? Haya ni maswali ya aina tatu: ya sura, ya mapenzi na ya hulka. Mtu mzima akiyauliza kwa maneno mazito, twamwita mwenye hekima. Msichana akiyauliza kwa maneno yake, twamwita mpuuzi. Na akiyaandika katika daftari, daftari lenyewe hunyang'anywa.

Yako makundi mawili yagombaniayo kioo hiki. Kundi la kwanza ni la walinzi, na la pili ni la wachuuzi. Walinzi wataka msichana asijitazame kabisa, maana kujitazama kwaona ni mwanzo wa upotevu. Wachuuzi wataka ajitazame mchana kutwa, mradi kila atazamapo aone kasoro iuziwayo dawa dukani. Makundi haya hutukanana hadharani, lakini yameafikiana katika jambo moja: kwamba msichana ni kitu cha kutazamwa, wala si mtu atazamaye. Hapo ndipo ugomvi wetu nayo ulipo.

Na tuanze na walinzi, kwa kuwa wao husema kwa jina la utamaduni. Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge mwezi Desemba 1962, akitangaza kuundwa kwa wizara ya kushughulikia utamaduni wa taifa, alisema utamaduni ndio kiini na roho ya taifa. Alisikitika kwamba wengi waliosoma walijua kucheza dansi za Ulaya, na hawakujua gombesugu wala lelemama. Kauli ile ilikuwa ya kweli, na ingali ya kweli. Lakini tazama jinsi ilivyofasiriwa na baadhi ya watu. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza vita dhidi ya sketi fupi, nywele za bandia, dawa za kujichubua na suruali za kubana, vita ambavyo vingeanza rasmi tarehe 1 Januari 1969. Haikungojwa hata Januari. Mwezi ule ule wa Oktoba, huko Kariakoo, makundi ya vijana wa kiume yaliwashambulia wanawake waliovaa nguo fupi na za kubana, wengine wakavutwa kutoka ndani ya mabasi, hata polisi wakaitwa.

Nia ya azimio lile hatuidharau. Taifa lilikuwa changa, limetoka katika kutawaliwa, nalo lilikuwa na haki ya kujiuliza linavaa nguo ya nani. Hata hivyo twauliza: ni utamaduni gani wa Kiafrika ufundishao kijana wa kiume kumvua nguo dada yake njiani ili kumfunza adabu? Na ikiwa shabaha ilikuwa kuung'oa ugeni, mbona suti na tai za maofisa zilipita salama? Ugeni wa bwana uliitwa maendeleo, na ugeni wa binti ukaitwa uasherati.

Tena katika miaka ile ile, 1967 na 1968, iliendeshwa kampeni ya kuwataka Wamasai waache shuka zao na kujipaka ngeu, wavae suruali na magauni kama watu wengine. Basi msichana wa mjini aliambiwa arudi kwenye asili, na msichana wa Kimasai aliambiwa aiache asili. Mmoja alilaumiwa kwa kuwa wa kisasa mno, na mwenziwe kwa kuwa wa kale mno. Ukiyaweka maagizo hayo mawili pamoja, utaona kwamba jambo lililofanana si mavazi. Lililofanana ni kwamba katika yote mawili wavaaji hawakuulizwa.

Neno "asili" lenyewe lahitaji kutazamwa kwa makini. Wamakonde walitoboa mdomo wa juu wa binti na kuutia ndonya, na hilo lilikuwa pambo la heshima. Wamasai waliyavuta masikio mpaka yakagusa mabega. Pwani, bibi zetu walijipaka liwa na wanja, wakatia hina na kuvaa vikuba vya asumini. Hakuna kabila lililowaambia wasichana wake kwamba sura si kitu. Kanga tuitukuzayo leo kuwa vazi la taifa ilizaliwa katika miji ya pwani katika karne ya 19, kwa vitambaa vilivyoletwa na merikebu. Kwa miaka mingi ilichapwa India, Ulaya na Japani, kabla viwanda vyetu, kama kile cha Urafiki kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, havijaanza kuitengeneza. Lakini nani leo athubutuye kuiita ngeni? Wanawake waliipokea, wakaipa majina na methali, wakaifanya ulimi wa pili. Ugeni wake ulikwisha siku walipoitia maneno yao.

Liko somo kubwa zaidi katika vazi hilo. Zamani za utumwa Unguja, mjakazi alitambulikana kwa kaniki, nguo nyeusi isiyo na urembo. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa waliivua kaniki wakavaa kanga za rangi. Walikuwa wakisema, bila kufungua kinywa, kwamba hakuna tena bwana awachaguliaye sura. Asemaye kwamba kujipamba ni upuuzi wa wasichana na aikumbuke siku hiyo. Pambo laweza kuwa upuuzi; laweza pia kuwa hati ya uhuru. Tofauti yake haijulikani kwa kupima nguo, bali kwa kumsikiliza aliyeivaa.

Tugeuke sasa kwa wachuuzi, maana nao wana hatia yao, na pengine ni nzito zaidi. Mlinzi humwambia msichana usijitazame; mchuuzi humwambia jitazame, ujichukie, kisha ununue. Mashindano ya urembo ya taifa yaliyofanyika mwaka 1967 yalipigwa marufuku, yakarudishwa mwaka 1994, na tangu hapo matangazo ya sura iliyo bora yameongezeka mpaka yameingia katika simu ya kiganjani. Katika matangazo hayo sura iliyo bora aghalabu ni nyeupe kidogo kuliko ya msichana atazamaye, ili daima kuwe na hatua moja ya kununua.

Kutokana na biashara hii umezaliwa mkorogo. Mwanafunzi wa sekondari ana haki ya kuelezwa jambo hili kisayansi, si kwa matusi. Ngozi yetu hupata weusi wake kutokana na chembechembe ziitwazo melanini. Zebaki na haidrokwinoni huzuia kutengenezwa kwa chembechembe hizo. Zebaki hupenya katika ngozi, ikaingia katika damu, ikaumiza figo na mishipa ya fahamu. Na kwa mama mjamzito yaweza kumfikia mtoto aliye tumboni. Haidrokwinoni itumiwapo kwa muda mrefu yaweza kumwachia mtu mabaka meusi ya kibuluu yasiyotoka, yaani aliyekimbia weusi akapewa weusi mbaya zaidi kwa fedha yake mwenyewe. Dawa za steroidi nazo huifanya ngozi kuwa nyembamba. Vipodozi vyenye viambato hivyo vimepigwa marufuku nchini, lakini marufuku ya dukani haiwezi kufika pasipofika elimu.

Na melanini hiyo ina kazi gani? Waulizeni ndugu zetu wenye ualbino, ambao ngozi zao zimepungukiwa nayo na hushambuliwa na saratani ya ngozi kwa sababu ya jua. Huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, hutengenezwa mafuta maalumu ya kuwakinga na jua hilo, kwa jitihada na kwa gharama. Basi katika nchi moja, chini ya jua moja, yuko ahangaikiaye kinga ambayo hakuzaliwa nayo, na yuko atoaye fedha ili kinga aliyozaliwa nayo iteketezwe. Mwalimu wa baiolojia afundishaye jambo hili kwa kipindi kimoja atakuwa amefanya zaidi ya operesheni kumi za kukagua mikoba ya wasichana.

Lakini tusimlaumu mchuuzi peke yake, kana kwamba alizua tamaa hii mahali ambapo haikuwako. Nani amsifuye bibi arusi kwa kusema ni mweupe? Ni sisi. Nani asemaye, huyu mtoto ni mzuri ingawa ni mweusi, na kuliacha neno hilo "ingawa" likae moyoni mwa mtoto miaka 20? Ni sisi, katika nyumba zetu, kwa Kiswahili safi. Hata methali zetu zina sehemu yake. Twasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Twasema pia mwanamke ni nguo, mgomba kupalilia. Methali ya kwanza imetoka sokoni, ya pili shambani. Katika zote mbili sioni mahali alipoketi msichana mwenye akili yake. Sisi tuipendao lugha hii hatutaki methali zifutwe. Twataka zijadiliwe darasani, ili mwanafunzi ajue kwamba methali ni shahidi, na shahidi aweza kuulizwa maswali.

Swali la pili la msichana ni la mapenzi, na hapa ukimya wetu umegharimu zaidi. Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi alitoa riwaya yake *Rosa Mistika*. Humo baba alewaye ampiga bintiye kwa sababu ya barua iliyotoka kwa kijana. Rosa hafundishwi kitu juu ya mapenzi ila kuyaogopa; na atokapo katika ngome ile ya hofu, akafika chuoni Morogoro, hana kipimo cha kumpimia mtu yeyote. Mwisho wake ni mauti kwa mkono wake mwenyewe. Kitabu hicho kilipotoka, wako waliokiona kuwa ni hatari kwa wanafunzi, na kwa muda kikazuiwa mashuleni. Baadaye kikaruhusiwa, kikasomwa na vizazi. Tazama ajabu hii: kilichozuiwa si fimbo ya baba, bali ni kitabu kilichoieleza fimbo hiyo.

Sheria nayo ilikuwa na mkanganyiko wake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa idhini ya mzazi, ilhali mvulana alitakiwa kufikia miaka 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu hivyo ni kinyume cha Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo. Hatuingii hapa katika mambo ya wanasheria. Twauliza swali la mtu wa kawaida: msichana aliyedhaniwa amekomaa kiasi cha kuwa mke kwa miaka 15, alikuwaje mchanga mno asiweze kuandika insha juu ya nini ampasacho mtu kutafuta kwa mwenzi wake? Tulimwona mkubwa wa kupewa mume, mdogo wa kupewa maneno.

Na tukumbuke tuliowapoteza. Kwa miaka mingi mwanafunzi aliyepata mimba alifukuzwa shule, na mara nyingi mwenye mimba yake aliendelea na kazi yake au masomo yake. Mwezi Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wanafunzi walioacha masomo kwa sababu hiyo waruhusiwe kurudi. Ni uamuzi wa heri. Lakini mlango uliofunguliwa kwa waliokwisha kuumia hautoshi. Msichana ahitaji kuwa na maneno kabla ya maumivu: maneno ya kusema sitaki, maneno ya kusema sijui bado, maneno ya kumwambia mama au mwalimu kwamba mtu fulani anifuata. Maneno hayo hayaanguki kutoka mbinguni siku ya hatari. Hufanyiwa mazoezi, kama hesabu.

Swali la tatu, la hulka, laonekana dogo kuliko yote, kwa hiyo hudharauliwa kuliko yote. Kila mtu huzaliwa na vijitabia vyake. Kuna mwenye kicheko kikubwa, kuna apendaye kupanda miti kuliko kusuka ukili, kuna awezaye kukaa siku nzima na kitabu asitamani mtu. Mvulana akiwa hivyo, husemwa kwamba ana kipaji. Msichana akiwa hivyo, husemwa kwamba atakosa mume. Nasi twajiuliza ni vipaji vingapi vimesagwa katika kinu hicho.

Historia yetu ina jibu moja zuri. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika nyumba maskini ya wafinyanzi, akachuuza vyungu mjini. Watu hawakumhesabu katika wazuri wa sura, na mahasidi wake walimtungia maneno ya kumkejeli kwa jambo hilo. Hakujificha, wala hakubishana nao juu ya pua na uso. Alijibu kwa sauti, na sauti ile ikasafiri mpaka Bombay mwaka 1928 kutiwa katika santuri. Shaaban Robert, aliyekuwa bingwa wa lugha yetu, aliona maisha yake yastahili kitabu kizima. Lau angaliwatii waliomwambia ajifiche kwa sababu ya sura yake, Kiswahili kingalipungukiwa na hazina ambayo hakuna mrembo angaliweza kuilipa.

Na zaidi ya karne moja kabla ya mijadala yetu, yapata mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye utenzi wa mawaidha. Hakuona haya kutaja kuoga, kusuka nywele, asumini, hina, pete na wanja kando ya Mungu na Mtume wake. Huyo alikuwa mwanamke wa adabu, wala hakudhani kwamba kuzungumza na binti juu ya mwili wake kwaivunja adabu. Twaweza kutokubaliana naye kwamba mapambo yote hayo ni kwa ajili ya kumridhisha mume. Lakini kosa hilo halikuwa la kunyamaza. Mama alisema na binti alisikiliza. Kazi iliyobakia kwa kizazi chetu ni nusu ya pili: binti aseme, na sisi tusikilize.

Wako watakaotupinga kwa kusema kwamba huu ni umimi. Kwamba taifa maskini halijengwi kwa wasichana kujitafakari bali kwa wasichana kufanya kazi. Hoja hii twaiheshimu, kwa kuwa umimi kweli ni adui wa ujamaa. Lakini kujijua si umimi. Mtu asiyejijua ndiye auzwaye kwa bei rahisi: akiambiwa ngozi yake ni mbovu, ataamini, akiambiwa na bwana mwenye gari kwamba ampenda, ataamini, akiambiwa kazi fulani si ya wanawake, ataamini. Taifa la watu waaminio kila waambiwalo haliwezi kujitegemea, hata likiwa na viwanda na mashamba. Wala hatusemi kwamba kila awazalo msichana ni sawa. Atakosea, kama tukoseavyo wote. Lakini fikira iliyosemwa yaweza kujibiwa, na fikira iliyofichwa hukua gizani pasipo mpaliliaji.

Basi, tuna maombi kwa walimu, nayo hayahitaji fungu la fedha. Kwanza, toeni insha juu ya sura, urafiki na tabia za mtu binafsi, kwa wasichana na wavulana pia, na msahihishe lugha yake bila kuzomea mawazo yake. Pili, barua au daftari la siri likikamatwa lisisomwe mbele ya darasa. Kumwaibisha mtoto si kumfundisha, bali ni kumfundisha kuficha vizuri zaidi. Tatu, kanuni za shule juu ya nywele na sare zielezwe sababu zake. Ikiwa nywele fupi ni kwa usafi na kwa usawa wa tajiri na maskini, semeni hivyo, maana mwanafunzi aliyeelezwa hutii akiwa mtu. Nne, mwalimu wa kiume asitoe maoni juu ya maumbile ya mwanafunzi wa kike, hata kwa sifa, hata kwa mzaha.

Kwa wanafunzi wavulana twasema: someni waandikayo dada zenu kabla hamjayatungia nyimbo macho yao. Nyimbo zetu juu ya uzuri wa mwanamke zimejaa maghala. Zilizotungwa na mwanamke juu ya moyo wake mwenyewe ni chache, na upungufu huo ni deni la fasihi yetu. Kwa wanafunzi wasichana twasema: deni hilo haliwezi kulipwa na mtu mwingine ila ninyi. Andikeni jinsi mjionavyo, kwa Kiswahili chenu, pamoja na madoa, mashaka na vicheko. Msingoje kuwa wazuri kwanza, wala msingoje kuruhusiwa.